Msumeno wa Injini Kutoka Guangzhou

Baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Xianxian, tulivuka mto hadi Pazhou, kwenye Maonyesho ya Canton yafanyikayo tangu 1957. Misumeno ya injini ilipangwa safu kwa safu, yote ya rangi ya machungwa, kana kwamba imezaliwa tumbo moja. Wauzaji husifu nguvu. Nyinyi ulizieni kabureta, plagi na mnyororo wa akiba, kwani fundi wa Muheza atavipata wapi? Injini hii ya mipigo miwili hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli, sehemu 1 kwa 25 au kwa 50, kadiri ya kijitabu chake. Kijitabu kikiwa cha Kichina, watafsirieni jamaa kabla ya kufunga sanduku. Wakitia petroli tupu, injini itanoki siku hiyo hiyo. Na tangi lisafirishwe kavu.