Mlimani na Ziwani: Tunampimaje Jirani?

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Mbinga, usiishie mjini. Iteremke barabara ya kwenda Mbamba Bay, yapata kilomita 66, uone jinsi nchi inavyoporomoka kutoka milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa. Safari hiyo ni fupi, lakini ina somo refu juu ya ujirani.

Huko juu utayaona mashamba ya ngoro. Mmatengo hufyeka nyasi, akazipanga miraba miraba mtelemkoni, kisha akazifukia kwa udongo auchimbao katikati. Mashimo yanayobaki hukinga maji ya mvua, udongo usichukuliwe. Kandokando yake hustawi maharage na mahindi.

Huko chini, Mnyasa huvua usipa kwa taa katika usiku wa giza. Kukicha huanika samaki, mchana hupumzika.

Hapo ndipo dharau huzaliwa. Mkulima apitaye adhuhuri humwona mvuvi amelala kivulini, akamwita mvivu. Usiku wa mawimbi hakuuona. Mvuvi naye humwona mkulima akipima maharage kwa uangalifu, akamwita bahili. Jembe lililoujenga mlima ule hakulishika. Kila mmoja humpima mwenzake kwa kazi yake mwenyewe. Tena kosa la jirani huwa tabia ya kabila lake zima, bali kosa la ndugu yetu huwa lake peke yake.

Je, mipaka hiyo ni ya milele? Jina la Wanyasa limetokana na ziwa, nalo huwakusanya Wampoto, Wamanda na wengineo. Wangoni nao waliingia kutoka kusini katika karne ya 19, wakiwa na mikuki. Wamatengo wakakimbilia milimani, na kubanwa huko ndiko kulikolea kilimo cha ngoro. Hata hivyo, mwaka 1936 wakulima wa tumbaku waliunda chama kikuu cha ushirika kilichobeba majina mawili pamoja: Ngoni-Matengo. Wajukuu wa aliyewinda na aliyewindwa wakauza zao lao kwa mzani mmoja.

Basi, ndugu msomaji, mtoto hazaliwi na dharau. Huisikia jikoni kwetu, tunapoteta juu ya majirani. Akiuliza kwa nini mvuvi hulala mchana, usimjibu kwa jina la kabila. Mweleze habari za usiku.