Picha ya mama katika siku ya kazi



Tuulizane kwanza ulizo moja. Ukikusanya picha zako zote zilizo nyumbani, ni ngapi zinazokuonyesha ukiwa kazini? Picha ya ndoa iko. Ya ubatizo wa mtoto iko, na ya siku mkubwa wao alipopata diploma pia. Labda kuna moja ya kilio, mmevaa wote kitambaa cha aina moja. Lakini picha ya mama akiwa na beseni la ndizi kichwani, ao akikanda unga wa mikate, ao akisimama mbele ya ubao darasani, hiyo wengi wetu hatuna. Siku zinazotulisha, hakuna anayezipiga picha.

Juma hii tunataka kuzungumza juu ya dada mmoja wa Lubumbashi anayezipiga. Ni mpiga picha, na anazunguka mji mzima kwa bisi. Jina lake hatuliandiki kwa sababu yeye mwenyewe alituomba hivyo. Sisi wawili, walimu wa masomo moja ya komine ya Katuba, tulimfuata mara sita wakati wa likizo kubwa, kila siku ya posho.

Sababu ya kumfuata ilikuwa kilio. Mama mmoja wa likelemba yetu alifariki mwezi wa tano. Alikuwa ameuza samaki wa kukauka kwa miaka zaidi ya makumi mbili, na watoto wake saba walisoma kwa samaki hao. Walipotafuta picha ya kuweka juu ya sanduku, hawakupata nyingine ila ile ya karti ya électeur. Mnaijua picha ile: mtu amechoka kwa kupanga mustari tangu asubuhi, anaambiwa asicheke, uso mweupe upande mmoja na giza upande mwingine. Waliikuza mpaka ikawa kama ukungu. Wajukuu wadogo waliuliza: "Huyu ni nani?" Hapo ndipo tulianza kufikiri juu ya picha kwa njia nyingine.

Dada huyu anatoka nyumbani saa kumi na mbili ya asubuhi. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi kuna baridi, na watu wanapanda bisi wakiwa na makoti na vitambaa vya kichwa. Aparei yake hachukui shingoni. Anaifunga ndani ya kitenge cha zamani, anaiweka chini ya kikapo, juu yake anaweka shu moja na vitunguu. Mtu akimwona anafikiri ni mama anayetoka sokoni. Hiyo ni kwa ajili ya wezi, lakini pia ni kwa ajili ya heshima. Anasema mtu akiona aparei mbele, anaanza kujificha ao kujionyesha, na mazungumzo yanakufa.

Ndani ya bisi hapigi picha hata moja. Mule tunakaa wanne wanne, magoti yamekunjwa, mtoto wa mtu juu ya mapaja yako, na reseva anapiga mlango kwa mkono kumwambia shofa asimame. Watu hawana nafasi ya kukataa, ndiyo maana hapigi. Anachofanya ni kusikiliza. Mama anasema anashuka Kenya kununua makala. Mwingine anaenda Ruashi kumwona dada yake aliyejifungua. Mwingine anapeleka munkoyo mjini, bidoni tatu, na anaogopa itachacha mbele ya saa sita. Dada anauliza: "Mama, naweza kushuka pamoja na wewe?" Mara nyingi jibu ni hapana. Anashukuru na kubaki kitini. Mara nyingine jibu ni ndiyo, na siku yake ya kazi inaanzia pale.

Tulimwuliza kama hatamani kupata gari. Alicheka. Alisema angependa sana gari kwa ajili ya mvua. Lakini mwenye gari anapita wapi? Anapita kwenye kaburabu nzuri, anafunga vyoo, anafika. Bisi inamlazimisha kungoja pale wanapongoja wote, na kurudi njia ileile alikopita. Na kurudi ndiyo kazi yake kubwa, kama tutakavyoona.

Siku ya posho ya kwanza tulishuka soko la Kenya na mama muuza makala. Makala yake inakuja kwa baiskeli kutoka porini, wanaume wanasukuma mifuko mirefu kuliko wao wenyewe, wengine wanalala njiani. Yeye anaifungua, anaipima kwa vikopo, anaiuza kwa wale wasioweza kununua mfuko mzima. Dada alipotoa aparei, mama alirudisha mikono nyuma.

"Unipige foto na hii mikono ya makala? Apana. Ngoja ninawe kwanza, nivae na kitenge."

Tulifikiri dada atamwambia hapana, mikono hiyo ndiyo nzuri. Hakusema hivyo. Alikaa juu ya bidoni, akangoja karibu nusu saa. Mama alirudi amevaa kitenge cha siku ya Mungu. Alipigwa picha zake akisimama wima, akitazama mbele. Kisha mteja akafika, mama akainama kupima makala na kitenge chake kizuri, akisahau aparei. Dada akapiga na hiyo pia, akamwonyesha palepale zote mbili kwenye kioo kidogo cha nyuma, akamwuliza ni ipi ataitengeneza kwa karatasi na ipi ataifuta.

Mama alizitazama muda mrefu. Alichagua zote mbili. "Hii ya kusimama ni ya kutuma kwa mukwe wangu. Hii ingine ni ya batoto, bajue kwenye ilitoka minerval."

Juma mbili nyuma dada alipanda tena bisi ya Kenya, akampelekea karatasi zake mkononi. Hakulipisha. Anakula kwa kazi nyingine: ndoa, diploma, picha ndogo za dosie za wanafunzi. Safari hizi za siku ya posho analipa yeye mwenyewe, tikiti na karatasi. Ndiyo maana hazidi watu wawili ao watatu kwa siku. Anasema afazali wawili atakaowarudia kuliko makumi mawili watakaomngoja bure.

Si kila siku inaenda vizuri. Mara moja, karibu na daraja moja, askari mmoja alituita. Alisema ni marufuku kupiga picha pale, alitaka kunyang'anya aparei, kisha akaanza kuzungumza juu ya "kahawa". Aparei ilikuwa bado chini ya shu, haijatoka hata kidogo. Dada alitoa barua yake yenye muhuri, akasema pole pole, "Papa, tazama, hakuna picha yoyote." Tulisimama juani mpaka saa nane. Tuliachiliwa, lakini siku ilikuwa imekufa, na mama wa munkoyo aliyekuwa anatungoja alikuwa ameuza yote na kwenda zake. Kwa hiyo mabinti wetu wanaotaka kazi hii wajue: kambi za askari, madaraja, kiwanja cha ndege, mbele ya ofisi za serikali, pale aparei inabaki ndani ya kikapo, na karatasi zako unatembea nazo kila siku.

Jambo lingine tulilojifunza kwake ni juu ya watoto. Kule Ruashi tulikuta watoto wanacheza katika mavumbi, mmoja hana nguo ya chini. Kijana mmoja aliyesimama pale alimwambia dada: "Piga ule! Batu ba Ulaya banapendaga foto za vile." Dada alifunga kikapo chake. Aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Alikuja akipangusa mikono, akamvika mtoto kaputula, kisha akasema: "Sasa unaweza." Picha ilipigwa, mtoto amekaa juu ya mguu wa mama yake, wote wawili wanacheka.

Nchi yetu ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, na kwa sheria hiyo mtoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18. Lakini hata mbele ya kufika kwenye sheria, mama ana neno lake. Mtu asipige picha ya mtoto wako mgonjwa, mwenye njaa, ao uchi, akaondoka nayo bila kukuuliza, hata kama anakuja na gari ya msaada. Muulize: picha inaenda wapi? Nani ataiona? Mtoto atakapokuwa mkubwa atafurahi kuiona? Na sisi wenyewe tujiulize vilevile, wakati tunapiga kwa telefone na kutuma kwa watu hamsini.

Mji wetu una historia ndefu ya picha. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, miaka 4 nyuma ya kampani Union Minière du Haut-Katanga, ile ambayo serikali iliitwaa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Hata jina la siku ya posho linatoka wakati ule wa kugawa posho kwa wafanyakazi. Kampani ilipiga picha nyingi za wanaume wake wa kazi. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alizitafuta picha za namna hiyo, na katika kazi yake ya mwaka 2006 inayoitwa Mémoire aliwatia wafanyakazi wale wa kale ndani ya picha mpya za viwanda vilivyobomoka. Yeye na wenzake walianzisha chama kiitwacho Picha, na tangu 2008 wanafanya hapa kwetu mkutano mkubwa wa picha na sanaa, Biennale de Lubumbashi.

Ukiwa ndani ya bisi unaona ile shimini ndefu na kilima cheusi cha takataka za shaba. Tunazitazama kila siku. Wanaume waliojenga yale tunaweza bado kuona nyuso zao, hata kama majina yao wengi wetu hatuyajui. Lakini wamama waliopika bukari ya wanaume wale, waliolima pembeni ya mto, waliouza sombe wakati mshahara haukufika, nyuso zao ziko wapi? Na wakati Gécamines iliyumba, miaka ile ya taabu, ni nani alishika nyumba?

Mwezi wa tisa masomo yalipoanza, tulipeleka picha chache darasani, kwa ruhusa ya wenyewe. Mbele ya kuzionyesha tuliuliza watoto: mama yako anatumika kazi gani? Mnajua fishi za masomo zinaandikaje: baba fundi, baba shofa, mama menajere. Mtoto mmoja alisimama akajibu: "Mama yangu hatumike, Mwalimu. Anauzishaga tu makala."

Hatukumkemea. Tulimpa picha ya mama wa soko la Kenya aishike. Tukaomba darasa lihesabu: mama huyu anaamuka saa ngapi? Anainua mifuko mingapi? Nani anampigia hesabu za faida? Vikopo vingapi vinalipa minerval ya mwezi mmoja? Waliandika hesabu ubaoni mpaka kengele ikalia. Kesho yake mtoto yule alituletea karatasi aliyochora mama yake, vidole vyeusi kabisa, na chini ameandika kwa kalamu nyekundu: Mama yangu ni muuza makala.

Wamama, tunaleta hapa mashauri machache kwa vikundi vyetu.

Likelemba zetu ziweke pembeni kidogo kila mwezi, kwa karatasi ya picha ya mama mmoja, zamu kwa zamu, akiwa katika kazi yake. Ipigwe na mpiga picha wa karti ao na kijana wenu mwenye telefone nzuri, yote ni sawa. Lakini itoke kwenye karatasi. Telefone inaibwa, inaanguka ndani ya maji, inakufa na vyote vilivyo ndani.

Nyuma ya karatasi andikeni kwa kreyo: jina lote la mama, kazi, pahali, tarehe. Bila jina, wajukuu watauliza kama wale wa mama wa samaki.

Iwekwe mbali na jua na mbali na ukuta unaolowa wakati wa mvua. Bahasha safi ndani ya sanduku la nguo inatosha.

Na mtu akija na aparei, umuulize mbele ya kucheka. Una haki ya kusema ndiyo, ya kusema hapana, na ya kusema ngoja ninawe mikono.

Mkutano wa juma ijayo, kila mama aje na picha moja aliyo nayo. Asiyekuwa nayo asikae nyumbani kwa haya: tutaanzia kwake.