Safari ya Mtwara ndani ya boksi

Kariakoo ya Jumamosi jioni si ile ya asubuhi. Wenye maduka wanapoanza kufagia, kinachotolewa nje ni maboksi: ya viatu, ya feni, ya vyombo, ya televisheni. Ukipita Mtaa wa Kongo muda huo unayakanyaga. Mzazi mwenzangu, wiki mbili zilizopita nilikwenda huko si kwa nguo wala sufuria. Nilikwenda kutafuta boksi kubwa, mtoto nimemshika mkono.

Sababu ni hii. Tangu Januari mume wangu yuko kazini Mtwara. Kila akipiga simu, Zawadi wetu wa miaka minne hukimbilia nyuma ya mlango. Simu anaipenda ikiwa na katuni. Ikiwa na sauti ya baba haitaki. Nimembembeleza, nimegomba, nimemhonga biskuti. Wapi! Jirani yangu anayefundisha chekechea ndiye aliyeniambia, "Mama Zawadi, mtafutie boksi kubwa, halafu wewe ukae kimya."

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku ile wapagazi tulikuwa sisi wawili. Nilidhani maboksi ni takataka, kumbe yana wenyewe: wanayakusanya, wanayakunja na kuyauza kwa kilo. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa anafunga mzigo kwenye mkokoteni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unahama nyumba?"

Nilipomwambia ni la mtoto kuchezea, alicheka, akachambua, akatupa la friji na madogo matatu kwa shilingi elfu moja na mia tano. Alinionyesha na cha kukagua: pini za chuma pembeni, unyevu, na mayai ya mende kwenye mikunjo. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu alikataa kuniuzia.

Kazi ilikuwa daladala ya Mbagala. Konda alitaka boksi lilipe nauli kama mtu. Tuliliweka chini ya miguu ya abiria, na hadi Rangi Tatu nilikuwa naomba samahani.

Nyumbani nilishika kisu mimi, kalamu akashika yeye. Nilikata madirisha alipochora, nikabandika mipasuko kwa gundi ya uji wa ngano. Vifuniko vya soda vikawa taa, sahani ya plastiki usukani. Nikaanza kupendekeza tupike jiko la boksi, tufungue duka (mama huwa hatunyamazi), akanikatalia: "Hili ni basi." Nikakumbuka maneno ya jirani, nikaenda kuosha vyombo.

Kwa mtoto mdogo zaidi hata usukani hauhitajiki. Mdogo wake wa miezi kumi na minne alichukua boksi dogo, akatumbukiza vijiko, akavitoa, akavitumbukiza tena, karibu nusu saa. Ukitoboa pande mbili za boksi refu, anatambaa kama kwenye pango. Mifuko ya nailoni na yale maboya meupe ya kuzuia vitu visivunjike, toa kabla hujampa, maana ataviweka mdomoni.

Basi lilikuwa linaita abiria kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi. "Mkuranga, Ikwiriri, Lindi, Mtwaraaa! Wa mwisho huyo!" Vituo hivyo nilimtajia siku baba yake anaondoka, nikadhani hakusikia.

Saa mbili usiku simu ikaita. Sikumwita. Niliiweka kwenye siti ya nyuma ya dereva, sauti nimeifungua, nikamnong'oneza baba yake kwamba amepanda basi. Akaelewa.

"Konda, nafasi ipo?"

Kimya. Nikasikia kiganja kikipapasa sahani.

"Ipo. Lakini ulipe."

"Nauli shilingi ngapi?"

"Mia."

"Nimelipa. Mimi nashuka nyumbani."

"Kaa vizuri basi. Ni mbali."

Walisafiri dakika kumi na moja. Sasa boksi limelegea upande wa mlango, na mdogo mtu amelitafuna kona. Jumamosi tunarudi Kariakoo. Zawadi anasema abiria wake wa Mtwara anataka siti pana zaidi.