Harambee ya Pili Haina Watu

Bro yangu ana chuma kwenye mguu wa kushoto. Aliangukia nduthi kwenye barabara ya kutoka Endebess kwenda geti la Chorlim, mfupa wa muundi ukavunjika vibaya. Tukafanya harambee, mama akauza ng'ombe, akawekwa pleti na skrubu. Mfupa ukashika vizuri.

Sasa daktari anasema skrubu mbili zinamchokoza ngozi, kwa hivyo vyuma vitolewe. Yaani thieta tena, bili tena, wiki kadhaa tena bila kushika nduthi. Mama alipotaja harambee kwa grupu ya familia, watu walisoma wakanyamaza. Tiki za bluu tupu. Manze, nawaelewa. Harambee ya kwanza watu huona damu. Ya pili wanaona mtu anatembea.

Ndiyo maana niliposikia kuna vyuma vya kushikilia mfupa vinavyoisha vyenyewe mwilini, sikulala.

Iko hivi. Umeona mafundi wa mjengo wakisimamisha miti na mbao kando ya ukuta ili wapande? Ukuta ukimalizika, miti inatolewa. Wanasayansi wanataka kuuwekea mfupa kiunzi kama hicho. Kinajaza pengo, mfupa mpya unaota ndani yake, halafu kiunzi kinaliwa polepole na maji ya mwili hadi kinaisha. Hakuna kurudi kukitoa.

Metali inayopendwa sana ni magnesiamu. Usishtuke, tayari unayo: mwili wa mtu mzima una kama gramu 25, na zaidi ya nusu iko mifupani. Tena ugumu wake uko karibu na wa mfupa kuliko titaniamu. Titaniamu ni ngumu sana, inaweza kubeba mzigo wote, na mfupa usiobeba mzigo hukonda.

Printa ya 3D inaingia wapi? Inatandaza unga wa metali safu nyembamba, leza inayeyusha pale tu panapotakiwa, kisha safu nyingine juu, hivyo hivyo hadi mwisho. Kinachotoka kina matundu kama sega la asali, na humo ndimo damu na mfupa mpya hupita. Na umbo likichorwa kutoka kwa picha za skani za mgonjwa, kiunzi kinatoshea pengo lake yeye.

Lakini si rahisi hivyo. Unga wa magnesiamu hushika moto haraka, ndiyo maana huchapishwa ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya agoni. Halafu kuna swali la mwendo. Mwaka wa 1907, daktari Mbelgiji Albin Lambotte alieleza vile alivyomwekea mgonjwa aliyevunjika mguu pleti ya magnesiamu. Baada ya siku 8 tu ilikuwa imesambaratika, na gesi imejaa chini ya ngozi. Chuma cha kawaida nacho kina shida ya kinyume: kinakawia mno kuisha. Zinki iko katikati, ila ikiwa peke yake ni laini, lazima ichanganywe na metali nyingine.

Tangu siku za Lambotte watu wamesonga. Skrubu za magnesiamu za kampuni moja ya Ujerumani ziliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa Ulaya mwaka wa 2013. Mwaka wa 2018, watafiti wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, walionyesha viunzi vya magnesiamu vilivyochapishwa ambavyo, baada ya wiki 4 kwenye maji yanayofanana na ya mwili, vilipoteza takriban asilimia 20 tu na bado vilikuwa na nguvu kama ya mfupa laini wa ndani. Hiyo ilikuwa maabara, si mguu wa mtu. Viunzi vingi vya aina hii bado viko kwa majaribio.

Najua kuna msee ataandika hapa chini: "Hiyo ni ya wazungu, sisi hata eksirei ni kupanga foleni." Mimi naona kinyume. Mwenye bima nzuri, kutolewa chuma ni kuomba ruhusa kazini. Kwetu ni ng'ombe wa pili. Sasa nani anahitaji zaidi chuma kisichotolewa?

Na usiniambie vifaa haviwezi kutengenezwa kwa kufikiria hospitali kama zetu. Mwaka wa 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN. Linatengeneza msumari wa ndani ya mfupa unaowekwa bila mashine ya eksirei kuwa thieta wakati wa upasuaji. Muhimbili, Dar es Salaam, wameutumia. Kwa hivyo siku viunzi hivi vikiuzwa, bei yake isilinganishwe na pleti moja. Ilinganishwe na pleti, thieta ya pili, na siku zote ambazo mtu halishi watoto wake.

Kwa sasa, kama una mtu wako anaenda kuwekewa chuma, uliza kabla: hiki kitabaki au kitatolewa, na kikitolewa ni doo ngapi? Vingine hubaki maisha yote bila shida. Sisi hatukuuliza. Tulidhani tumemaliza kulipa.

Nilimweleza bro haya yote akipaka nduthi mafuta. Akasikiza, akasugua muundi, akasema, "Hiyo chuma ya kuisha ikifika Kitale, niite. Nitakubeba bure."