Fomu Iko kwa Droo

Kabla hata ya kuniuliza nina shida gani, karani wa wakili aliniuliza kama nitalipa keshi ama M-Pesa. Elfu tatu, ya kumwona tu. M-Pesa yangu ilikuwa na mia nne, nikafuliza. Yaani nilikopa ili nikaulizie namna ya kuacha kudaiwa. Manze, nilicheka peke yangu pale kwa benchi.

Deni lenyewe halina hadithi kubwa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao usiku, na doo ilikuwa inaingia. Nikachukua laki mbili kwa Sacco: kompyuta, intaneti, kodi ya nyumba Umoja. Halafu roboti za kuandika zikaja, wateja wakapotea mmoja baada ya mwingine. Nikawa nalipa Sacco kwa mikopo ya simu, na mikopo ya simu kwa mikopo mingine ya simu. Siku niliyokaa chini na kalamu, jumla ilikuwa 263,000.

Wakili, mama wa miaka hamsini hivi, hakunisomea mahubiri. Alisema kunipeleka kortini nitangazwe kuwa nimefilisika kungenigharimu 120,000 kwake, nusu niitoe kabla hajaandika chochote, na ada za korti kando. Halafu ningengoja miaka mitatu ndio niachiliwe. Karibu nusu ya deni, ili nithibitishe kwamba sina kitu! Ningekuwa nayo, si ningeanza kulipa?

"Lakini wewe si wa huko, kijana wangu," akasema. Kumbe Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina mlango mwingine. Kama huna mali ya kuuzwa, na deni lako liko kati ya 100,000 na milioni nne, unaweza kuomba kwa ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya ufilisi, bila kesi. Ukikubaliwa, wanaokudai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni mengi yanafutwa.

"Hizo fomu jaza mwenyewe. Kama unawaandikia Wazungu insha, fomu haiwezi kukushinda."

Wakili anayekuambia humhitaji! Elfu tatu yangu niliiona imerudi. Nilikuwa nishasimama, mkono kwa mlango, aliponiuliza, "Huo mkopo wa Sacco, nani alikudhamini?"

Nikakaa tena.

"Mama."

Alivua miwani. Sheria itakutoa wewe, alisema, lakini haimtoi mdhamini. Sacco ingemgeukia yeye, ichukue akiba yake, ambayo ameiweka miaka kumi na moja kutoka kwa meza ya mitumba. Nikamuuliza kama naweza kuandika mikopo ya simu peke yake, hiyo ya Sacco niiruke. Alitingisha kichwa. Madeni yote huandikwa. Kuficha moja ni kosa.

Hakunitoza ya ziada kwa hilo swali, ingawa ndilo lililokuwa ghali.

Fomu iko kwa droo, chini ya chaja mbovu. Nimejaza jina, nambari ya kitambulisho, na mikopo ya simu yote saba. Mstari wa Sacco uko wazi. Mama alipiga jana kuuliza kama kazi imerudi. Nilimwambia inarudi pole pole.