Majina ya Paka wa Kichochoroni

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuyasaka majazi vitabuni. Katika tamthilia ya Amezidi (1995), Said Ahmed Mohamed amewaita wahusika wake Ame na Zidi, na majina hayo yakiunganishwa hutoa anwani ya tamthilia yenyewe. Mimi lakini somo la majazi nilifunzwa kwanza na paka, kwa nyanya mzaa mama, katika Mji wa Kale wa Mombasa.

Nyanya alifuga shume mwekundu aliyeitwa Yatakwisha. Paka huyo hakuishiwa na vituko. Maji ya bakuli hakuyagusa. Alingoja ndoo ya udhu ijazwe, ndipo achovye mkono na kuulamba. Mswala ukitandikwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukalia.

Jina lake, hata hivyo, halikuwa mzaha. Nyanya na jirani wa mlango wa pili hawakuwa wakisemezana, kisa ni maji ya paa letu yaliyomwagikia baraza yake. Kila magharibi nyanya alisimama mlangoni akaita, "Yatakwisha! Yatakwisha, njoo!" Kichochoro kizima kilisikia. Haukupita muda, jirani naye akapata paka jike mweusi, akampa jina Lini. Basi ikawa huku kunaitwa Yatakwisha, kule kunajibiwa Lini, na wapita njia wanacheka chini kwa chini. Hakuna aliyeweza kulalamika, kwani nani amekatazwa kumwita paka wake?

Mbinu hiyo ni ile ile ya leso. Mwanamke wa pwani huweza kuyavaa maneno asiyotaka kuyatamka, na si ajabu kwamba maandishi ya leso nayo huitwa jina. Tofauti ni kuwa leso hukaa ilipowekwa, ilhali paka hutembea. Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa, lakini hawakusema nyumba ya nani. Lini alikula dagaa kwetu, naye Yatakwisha alishinda amelala juu ya cherehani ya jirani.

Masika moja Lini alizaa. Kama ilivyo ada ya paka, akawabeba wanawe mmoja mmoja kwa shingo, akawahamishia chini ya kitanda cha nyanya. Wawili walikuwa na mabaka meusi na mekundu, hivyo hatukuuliza baba ni nani. Jirani akabisha hodi, mara ya kwanza kwa miaka minne.

"Jirani, paka wangu yuko kwako?"

"Yuko na wanawe. Pita ndani."

Hawakutaja maji wala paa. Walipiga magoti, wakawahesabu watoto, wakakubaliana wasihamishwe. Tangu hapo jirani alikuja kila siku na maziwa. Mmoja wa wale watoto waliafikiana kumwita Tuone. Paa halikutengenezwa hadi nyanya alipofariki mwaka 2011, lakini aliyekesha kando ya kitanda chake usiku wa mwisho alikuwa jirani huyo.

Naam, jina halikamiliki linapotolewa. Hukamilika linapoitwa na kusikiwa na yule aliyekusudiwa. Wenzangu mtakaokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, mkishaandika methali na vitendawili, ulizeni pia majina ya paka.