Mota ya Kusaga Inapogoma Asubuhi

Wakati wa Zaire, umeme wa Ruzizi ulikuwa unaishia Uvira. Kuanzia Makobola kushuka Swima na Mboko hadi Baraka, kisha kupanda milimani mpaka Fizi, unga wa mashine ulikuwa unga wa mazutu. Mota ikigoma asubuhi, foleni ya akina mama wenye mabeseni ya muhogo mkavu ilifika barabarani, na jioni kuna nyumba zilizorudi kwenye kinu na mchi. Ndiyo maana fundi wa mota alipewa kiti popote alipoingia, wakati mwingine kabla ya mwalimu.

Mota ya mtaani kwetu ilikuwa ya aina ya Lister, mtambo uliobuniwa Dursley, Uingereza, na ambao Wahindi wa Rajkot waliuiga na kuuza kila mahali. Silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma, mizunguko kama 650 kwa dakika. Haikuwa na betri wala demareri. Baba mdogo, aliyeiendesha, alinyanyua wenzo wa valvu ili silinda isibane hewa, akazungusha manivela mpaka magurudumu yakashika kasi, halafu akauangusha wenzo. Ikilipuka, soko zima lilisikia. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika manivela kwa sharti moja: kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kwa kuwa mpini ukirudi nyuma huvunja gumba lililouzunguka.

Siku ilipokataa, baba mdogo hakukimbilia spana. Aliweka sikio.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha moto. Tangu Rudolf Diesel alipofanikisha ya kwake kule Augsburg mwaka 1897, kanuni ni ileile: hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, mazutu yananyunyizwa ndani, yanawaka yenyewe. Kwa hiyo ikikataa kuwaka, ama hewa haiingii, ama mazutu hayafiki kwa wakati wake, ama hewa haibanwi sawasawa. Baba mdogo hakusoma hayo kitabuni, lakini aliyafuata kama msahafu. Alizungusha polepole na kuinamia kichwa cha silinda, maana injekta nzima hukwaruza kila inapotema. Pakiwa kimya, mazutu hayafiki: rudi tangini, tazama bomba, tazama filta. Ikikwaruza na bado haiwaki, alitazama moshi. Moshi mweupe ulimwambia kwamba mazutu yanafika na yanatoka bila kuungua, basi kosa liko kwenye baridi, valvu au ringi zilizochoka. Hapo ndipo alipotumia maarifa ya watu wa Fizi mlimani, wanaoamka na ubaridi: maji ya moto kwenye koti la silinda, na kijiko cha oili kwenye mlango wa hewa ili ringi zibane.

Mara nyingi, lakini, ilikuwa upepo tu. Tangi liliachwa likauke, mota ikameza hewa. Alilegeza nati ya bomba kwenye injekta, akazungusha, mapovu yakatoka, mpaka mazutu yakaja safi bila povu. Akakaza. Akina mama wakasogeza mabeseni.

Vita vya 1996 vilituvusha ziwa. Wengi wetu tulikaa kambi za Kigoma, Lugufu na Nyarugusu, na kuanzia 2005 meli Mwongozo ikawa inawarudisha watu Baraka kwa msaada wa UNHCR. Tuliporudi, pale mota ilipokuwa palibaki msingi wa saruji na boliti zake. Magurudumu yale ya chuma sijui yaliuzwa wapi.

Zilizokuja baadaye ni mota za Kichina za silinda moja iliyolala, zile za nguvu-farasi 12 na zaidi, zinazokimbia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Siwezi kuzidharau. Ndizo zilizotusagia unga tulipokuwa hatuna kitu, na ndizo zilizoteremka hadi Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Nyingi zinawashwa kwa manivela vilevile, na kanuni ya sikio na moshi inafanya kazi kwazo vilevile. Ila spea zake ni rahisi, zimetundikwa kila duka, na urahisi huo umeua subira. Injekta mpya, pampu mpya, filta mpya, mpaka moja ibahatishe. Wengine wanapuliza etha kwenye mlango wa hewa kila asubuhi. Mota inawaka kwa kishindo, na baada ya muda ringi zinavunjika.

Mazutu nayo si yale. Zamani yalikuja kwa pipa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja unayemjua. Leo tunanunua kwa bidoni kwa kadhafi, mchuuzi wa mafuta wa barabarani. Bidoni moja imepita mikono mingi. Maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo hukaa chini ya tangi, na chini ndiko bomba linakonyonya. Wapo pia wanaochanganya na petroli ya taa, ambayo haina ulaini wa kutosha, na pampu inalika taratibu. Nadhani nusu ya magonjwa tunayoyaita ya mota ni magonjwa ya bidoni.

Miaka ya karibuni nilimkuta kijana fundi kwenye njia ya kupanda Fizi, ameinamia Land Cruiser ya zamani iliyokuwa ikizunguka demareri bila kuwaka. Alikuwa amekwisha kupiga simu kuulizia bei. Mzee mmoja tuliyekuwa naye garini akashuka.

“Mzee, pompi imekufa,” kijana akasema.

“Pompi haifi ghafla, mwanangu. Geuza ufunguo tusikilize.”

Kwenye pampu za aina ile kuna kivalvu cha umeme kinachofungua njia ya mazutu, na kikifunguka hulia “tik” ndogo. Hakikulia. Waya wake ulikuwa umechomoka kwa mitikisiko ya barabara. Mzee akaurudisha kwa vidole, gari likawaka, kijana akacheka kwa aibu na kukataa kupokea malipo.

Sisemi sikio linatosha kila mahali. Magari mapya yana reli moja inayolisha injekta zote kwa shinikizo linaloweza kupita bar 1,600, mara kumi na zaidi ya mota ya baba mdogo. Huko ukilegeza nati huku injini inazunguka, mazutu yanaweza kupenya ngozi yako na kukukosesha mkono. Hiyo mwachie mwenye kompyuta yake, hata kama yuko mbali.

Lakini kwa mota ya kusaga, vijana wa Baraka, kabla hamjatuma pesa Uvira kununua pampu: mimineni mazutu kidogo kwenye chupa nyeupe, myaache yatulie, mtazame kama kuna maji chini. Kisha toeni hewa kwenye bomba, msikilize injekta. Hayo yote hayana gharama zaidi ya spana moja.